Ombi la Kusitisha Shikamoo Mtaani Kwetu

Abdullatif Yusuf,
Mwandishi wa habari mstaafu,
Bagamoyo.

Kwa Mtendaji wa Kata.

Ndugu Mtendaji,

YAH: KUSITISHWA KWA SHIKAMOO MTAANI KWETU KWA SABABU ZA USALAMA WA MTANDAO

Kichwa hicho nimekiandika nikiwa na akili timamu, na nimekisoma mara ya pili kabla ya kuendelea. Nimeripoti habari za pwani hii muda mrefu: mafuriko, ajali za malori ya Chalinze, miwa ya Makurunge, na vikao vya kata ulivyoviongoza wewe mwenyewe. Katika muda wote huo sijawahi kukuomba jambo. Leo naomba moja, nalo ni kwamba wakazi wa mtaa wetu wazuiwe kuwaamkia wakubwa wao.

Dada yangu mkubwa, Bi Mwanamkasi, unamfahamu. Kabla ya kupatwa na kiharusi alikuwa mshenga. Ndoa nyingi za mji huu zilipita mikononi mwake, na zile ambazo hazikufungwa zilipita pia. Posa ikikataliwa, yeye ndiye aliyelibeba jibu, akalifunga vizuri, likamfikia mwenyewe bila kumkata. Kiharusi kilichukua upande mmoja wa mwili na sauti yote. Akili kikaiacha. Akawa mtu anayesikia kila kitu na hawezi kuomba hata maji.

Mwaka jana alipokelewa kwenye Mradi wa Kauli, majaribio ya wataalamu wa Dar es Salaam. Walimpasua wakamwekea kidude chini ya fuvu. Kidude hicho husoma maneno anayokusudia kuyasema na kuyatuma bila waya kwenye kisanduku kilichopo mezani, na kisanduku huyatamka. Sauti ni ya kutangazia mabasi, lakini maneno ni ya dada. Taa ya kijani juu ya kisanduku ikiwaka, mlango uko wazi na anayoyakusudia yanatoka. Ikizimika, yanabaki kwake.

Mlango huo una neno la siri, na hapo ndipo penye tatizo. Wahandisi walitafuta neno ambalo ubongo wake ungelitoa kwa uwazi kuliko mengine. Walijaribu "ndiyo", wakajaribu "fungua", wakajaribu "tayari". Yote yalikuja yamefifia. Kisha wakaona kuna neno linalowaka kwenye kompyuta yao kama taa za lori kila asubuhi Mhandisi Mina anapoingia chumbani. Mhandisi Mina ni binti aliyelelewa, akiingia huamkia. Neno lililowaka lilikuwa "marahaba". Wakalifanya neno la siri, na kwenye taarifa yao wakaandika kwamba ni ishara safi kuliko zote walizopata kuzipima.

Hawakukosea vipimo. Mwanamke aliyeitikia marahaba tangu alipoanza kuitwa mama halifikirii tena neno hilo; linakuja lenyewe, kama kope zinavyofumba vumbi likivuma. Ndiyo maana linafaa sana kwa kompyuta, na halifai hata kidogo kwa mlango. Kichwa cha dada yangu kinafunguliwa na mtu yeyote mwenye adabu.

Mradi umeligundua hilo, umechelewa. Wametuandikia kwamba mgonjwa anaishi katika mazingira "yenye heshima iliyopita kiwango salama", na kwamba kufikia mwisho wa mwezi familia idhibiti salamu au kidude kizimwe. Kubadilisha neno, wanasema, ni kuanza mafunzo upya, na mwaka wa majaribio umekwisha. Kikizimwa, dada anarudi alikokuwa. Hilo ndilo lililoniketisha kuandika. Mengine yote ni ushahidi, nao ni huu:

1. Ibrahimu, muuza samaki wa pikipiki, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mama, leo nina samaki changu." Taa ikawaka. Kisanduku kikasema, "Marahaba. Hao ni wa jana. Wa leo umewafunika gunia unawapeleka hotelini." Ibrahimu aliangalia gunia lake kama mtu aliyesalitiwa nalo. Somoe, binti yake dada anayemlea, akanunua wale wa chini ya gunia. Mnunuzi yeyote huwa na mawazo kama hayo kuhusu muuzaji wake, na huyaweka moyoni. Haya yalitolewa hadharani baada ya mlango kufunguliwa na salamu.

2. Gari la dawa ya panya hupita mtaani likiwa na kipaza sauti. Muuzaji wake hana nia mbaya, huanza tu kwa kusema, "Shikamooni kina mama." Safari ya mwisho taa iliwaka akiwa bado kwenye kona, na kisanduku, ambacho Somoe alikuwa amekiweka dirishani kipate mtandao, kikamjibu kwa nguvu zake zote kwamba dawa ya mwezi uliopita iliwanenepesha panya na mmoja wao sasa anamfukuza paka. Barazani kwa jirani zetu kina Mbaruku watu walicheka hadi gari likaondoka. Muuzaji amefungua malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeyasoma, na kisheria ana hoja.

3. Tapeli alipiga simu, Somoe akaiweka sauti ya nje. "Shikamoo mama, mimi mjukuu wako, nimebadilisha namba." Wataalamu wa usalama wametuonya kila siku kuhusu wezi wa mtandaoni watakaoingia kwenye vidude vya ubongo kwa hila kubwa za kompyuta. Huyu aliingia kwa neno moja. "Marahaba," kikasema kisanduku. "Mjukuu yupi, nina wengi?" "Yule wa Dar." "Wa mama gani?" Akaulizwa kwao wapi, ana umri gani, ameoa, kwa nini hajaoa, na kama mama yake anajua kazi anayoifanya. Alikata simu yeye, baada ya kutaja kwao Korogwe na kusema kwamba mama yake hajui. Nakubali kwamba taarifa zilizotoka upande wake ni nyingi kuliko zilizotoka upande wetu. Hilo halibadilishi kanuni: mhalifu alikuwa ndani ya kichwa cha dada yangu.

4. Ili nisitegemee maneno ya watu, nilifanya jaribio. Nilirekodi shikamoo yangu kwenye simu, nikaenda uani, nikaicheza kwa sauti kupitia dirishani. Taa ikawaka. Kisanduku kikasema, "Latifu, na umri wote huo unacheza na simu uani?" Naliwasilisha jaribio hili kama uthibitisho kwamba mfumo hautofautishi mtu na mashine.

5. Hili ni zito. Twalib, msimamizi wa shamba kule Makurunge, alipokuwa kijana alimposa Rukaya. Dada ndiye aliyemletea jibu: binti bado anasoma. Muda mfupi baadaye Rukaya aliolewa Msata. Twalib naye alioa, akapata watoto na kitambi, lakini jibu lile hakulisahau. Aliposikia habari za kisanduku alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaamkia, akapewa chai, akauliza.

"Mama, hivi kweli Rukaya alikuwa anasoma?"

"Hakuwa anasoma kitu," kikasema kisanduku. "Mama yake alisema unakula kwa kelele."

"Mimi?"

"Wewe. Hata chai."

Twalib alikitazama kikombe, akakiweka chini taratibu kama kina moto. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. "Na mimi siku zote nilidhani ni umaskini wetu," akasema. Aliondoka anapiga mluzi.

Ndugu Mtendaji, unaona hatari. Ndani ya kichwa kile zimo posa zote zilizokataliwa tangu dada aanze kazi, kila moja na sababu yake ya kweli. Hakuna benki wala ofisi katika mji huu inayotunza taarifa nyeti kama hizo, na zote zinalindwa kwa neno ambalo mtoto wa chekechea analifungua. Tangu siku ya Twalib wanaume wazima wanakuja kutoka Msata na Chalinze, wameoga, wameshika sukari, wanaamkia wakiwa bado barabarani. Kina mama fulani waliotoa sababu hizo siku hizi huvuka kwenda upande wa pili wa njia wakifika kwetu. Adabu ya vijana imepanda kuliko wakati wowote niliopata kuuripoti. Yote hayo yametokana na udhaifu wa kiusalama.

6. Nisikupite wewe. Siku ya Idi ulikuja kutuona, ukavua viatu, ukasema, "Shikamoo bibi." Ulijibiwa, "Marahaba mwanangu. Ule mtaro wa mbele ya msikiti utauchimba kabla ya masika, au kila nyumba inunue mtumbwi wake?" Ulicheka, na waliokuwa uani walicheka muda mrefu kuliko wewe. Wiki iliyofuata mtaro ulichimbwa, na maji sasa yanapita. Lakini ulichimbwa kwa msukumo uliopatikana kwa njia ya udukuzi. Kazi ya umma iliyopatikana hivyo haina uhalali, na sitashangaa siku moja wakaguzi wakitaka mtaro ule ufukiwe.

7. Mradi unakusudia kuwawekea vidude wazee wengine waliopoteza kauli, kuanzia hapa kisha pwani yote. Mhandisi Mina ameniambia kwamba kwa kila mzee waliyempima ishara iliyo safi kuliko zote ni ile ile. Piga hesabu mwenyewe. Kila asubuhi mtangazaji wa redio husema, "Shikamooni wazee wetu popote mlipo." Siku hiyo kila kisanduku pwani nzima kitawaka kwa pamoja, na wazee wetu wote watasema wanachokifikiria kuhusu wakwe zao, wapangaji wao, maimamu wao na serikali yao, kabla watu hawajanywa chai. Taifa adui halitahitaji majasusi. Litahitaji mtu mmoja mwenye adabu na kipaza sauti.

Mradi umependekeza dada afundishwe kutoitikia. Nilimuuliza Mhandisi Mina kama mama yake mwenyewe angeweza kufundishwa hivyo. Akajibu, "Mzee, mama yangu huitikia hata ya kwenye tamthilia." Kwa hiyo hilo tuliache. Anayeitikia hawezi kurekebishwa. Anayeamkia anaweza, na yuko chini ya mamlaka yako.

Naomba basi, kupitia baraza la kata, litolewe katazo. Kwenye ncha zote mbili za mtaa pawekwe kibao chenye maneno "Hapa Haparuhusiwi Kuamkia". Mtu akikutana na mkubwa wake apite akiangalia mbele, kama watu wanavyopitana mjini Dar. Salamu ya dini haihusiki, kwa kuwa jibu lake silo neno la siri, hilo nimelithibitisha.

Kwa asiyeweza kupita kimya, yupo mbadala salama kabisa. Nimechunguza salamu zote zinazotumika hapa, na iliyo imara kuliko zote dhidi ya wadukuzi ni "Mambo vipi". Dada hajawahi kuiitikia tangu ilipobuniwa. Kijana mmoja wa bodaboda alimwambia "Niaje bi mkubwa", na taa haikutikisika. Kwa kweli dada alifumba macho mpaka kijana alipoondoka. Naomba shule ziwaelekeze watoto kuwaambia wazee "Mambo" au "Niaje", na wale waliokwisha kuharibiwa na malezi ya nyumbani wapewe muda wa kujirekebisha. Wazazi wataona vibaya mwanzoni. Wafahamishwe kwamba heshima, kwa maana ya kitaalamu, ni mlango usiofungwa.

Katazo likifaulu hapa, lisogezwe kwa awamu hadi Msata, ili mgeni anayeshuka kwenye basi awe amekwisha kukosa adabu kabla hajafika kwetu. Baadaye lifike Chalinze, na mwisho redioni. Atakayekaidi aitwe mbele ya baraza, na akifika asiwaamkie wajumbe.

Najua unachokiwaza. Unawaza kwamba mzee huyu anataka kuvunja mila ya pwani nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ndivyo ilivyo. Niliishi na dada yangu alipokuwa kimya. Nilimwona akitazama wageni wakizungumza juu ya kitanda chake, na nilimwona akilia alipotaka pazia livutwe na sisi tukamletea uji. Kama bei ya yeye kusema ni mtaa mzima kukosa adabu, naona ni haki. Ninachotaka wewe uone ni kwamba sauti yake iko hatarini, na kinachoihatarisha ni wema wa majirani.

Sikukuamkia mwanzoni mwa barua, na tukikutana usiniamkie, sitanuna. Nisalimie wote hapo ofisini, karani, mlinzi na mama wa chai, kwa neno lolote utakalolichagua isipokuwa lile.

Wako katika usalama,

Abdullatif Yusuf

Nakala: Mradi wa Kauli, Dar es Salaam.

Tanbihi: Kazi yangu ina utaratibu kwamba anayetajwa katika habari apewe nafasi ya kujibu kabla haijatoka. Kwa hiyo baada ya kutia saini nilikwenda kumsomea dada barua hii. Nilimwamkia, taa ikawaka, nikasoma mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, kisanduku kikauliza, "Latifu, Hamidu huniamkia?"

Hamidu ni fundi cherehani wa nyumba ya pili. Nikasema kwamba huamkia kila anapopita.

"Taa imewahi kuwaka?"

Nikaenda kuuliza. Hamidu alitoa pini mdomoni akasema, "Kwangu haijawaka hata mara moja, mzee. Nilidhani kisanduku kibovu, nikaona haya kusema." Nikamuuliza Somoe. Somoe alikumbuka kwamba siku za mwanzo za ugonjwa Hamidu alikuja kutoa pole, akasimama kando ya kitanda, akamuuliza yeye Somoe, "Huyu bado anaelewa, au ndiyo basi tena?" Dada alikuwa anamtazama usoni. Tangu siku hiyo Hamidu anaamkia na dada haitikii. Siyo kwa mdomo tu, ambao hana. Haitikii hata moyoni.

Nimempigia Mhandisi Mina. Amesema kwamba marahaba haitoki mpaka mwenyewe aitoe, na kwamba walipoipima hawakumleta mtu yeyote ambaye Bi Mwanamkasi amemnunia. Ameomba namba ya Hamidu.

Hivyo nalazimika kurekebisha. Hakuna aliyeingia kwa dada yangu bila kukaribishwa. Malalamiko namba moja hadi sita yasomwe kama taarifa za mwanamke aliyekuwa akizungumza na watu. Kuhusu zile posa, amesema alizibeba zikiwa zimepambwa na sasa anazirudisha kwa wenyewe zilivyo. Mtaro usifukiwe. Vibao visichorwe. Nimewaandikia Mradi kwamba mlango una mlinzi, wasikizime kidude, na wewe tafadhali uwathibitishie kwa muhuri wa kata kabla ya mwisho wa mwezi, kwani wanaamini zaidi kilichogongwa muhuri.

Niliporudi kumweleza haya nilikuta taa imezimika. Nikamwamkia. Nikadhani hakusikia, nikasogea karibu, nikaamkia tena. Somoe anasema mtu huulizwa kabla ya barua inayomhusu kuandikwa, siyo baada ya kutiwa saini.

Nimemwamkia tena sasa hivi, bahasha ikiwa mkononi. Ananitazama vizuri tu. Taa haijawaka.